Ng'ombe Mwekundu wa Mikorosho ya Mama

Ninyi wajukuu zangu mtakaosoma haya, na wewe mkubwa wao utakayewasomea wenzako, kwanza acheni kutafuna miwa, sikilizeni. Kila mwaka siku ya kuwaombea marehemu babu yenu anatajwa kanisani kwa sauti kubwa. Wanasema alikuwa nguzo ya kigango. Wanasema kama si ng'ombe wa mzee yule, kanisa lingekuwa la nyasi mpaka leo. Ni kweli, mimi sikatai. Mnarudi nyumbani mnaangalia kile cheti chake ukutani, chenye kioo kilichopasuka, halafu mnaniangalia mimi ninayekaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, naona mnataka kuuliza ila mnaogopa. Mnafanya vizuri kuogopa. Lakini nimezeeka, na nikifa mtaambiwa na watu wengine. Kwa hiyo naandika mwenyewe, kwa shule yangu ya darasa la nne. Penye kosa la herufi mtasahihisha. Penye kosa la jambo hamtapata.

Babu yenu hakuzaliwa huku bondeni. Kwao ni Mnyambe, juu Newala, ambako alipokuwa mtoto mama yake alitoka alfajiri na mtungi na kurudi jua limekwisha kuwa kali, kwa sababu maji yalikuwa chini ya mteremko na watu walikaa juu. Alipenda kuniambia kwamba aliloa mwili mzima kwa mara ya kwanza siku alipopelekwa Lukuledi, kijana, kuchunga ng'ombe wa misheni. Sijui kama ni kweli, alikuwa na utani. Lakini huko ndiko alikojifunza ng'ombe na sala kwa pamoja, na tangu hapo hakuweza kuvitenganisha. Anakamua, kengele inalia, anaachia chuchu, anafanya ishara ya msalaba, anarudi kukamua. Alipoondoka walimpa mtamba badala ya sehemu ya mshahara. Akamswaga kwa fimbo mpaka huku chini ya Chiungutwa, akaomba maji kwetu ya kumnywesha, nikamchotea mimi.

Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mmakonde na ng'ombe? Si ungejichongea tu wa mti, huyo hamalizi majani ya watu."

"Wa mti hatoi maziwa, mama," akamjibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Umeanza na ng'ombe ukamalizia na shikamoo. Utapata shida huku."

Hakupata shida, alipata mke. Alikuja kuoa kwetu na kujenga kwetu, kama desturi yetu ilivyo. Mwanamume anafuata kwa mke. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yao ni mjomba wao. Shamba na mikorosho ni ya upande wa mke, imetoka kwa mama na mama wa mama. Na kile anachochuma mume kwa mkono wake, akifa, wanakuja kukitazama wapwa zake, yaani watoto wa dada zake. Serikali inasema vingine, kanisa linasema vingine, lakini siku ya msiba mnajua wenyewe ni nani wanaokaa karibu na mlango wa chumba cha marehemu. Yashikeni haya, maana maisha yote ya babu yenu yaliharibika hapo.

Kufuga huku si mchezo. Kupe wapo, homa yao ya ndigana ipo, na zamani hata mbung'o walikuwapo upande wa msituni. Watu walimwambia ng'ombe watakufa, na wengine walikufa. Yeye hakuchoka. Aliogesha kwa dawa aliyoifuata Masasi kwa baiskeli. Msimu wa salfa, watu wanapopuliza mikorosho, aliwahamishia ng'ombe ng'ambo ya kijito wasile majani yenye vumbi lile. Msimu wa korosho ulipofika aliwafunga, kwa sababu ng'ombe akionja mabibo, matunda ya mkorosho, amekwisha, anatoka shamba hili anaingia lile, anameza na korosho yenyewe, na mwenye shamba anakuja na panga. Mabibo yakichachuka chini ya mti ng'ombe analewa kama mtu aliyekunywa pombe ya uraka. Nimeona fahali wetu akiegemea ukuta wa zahanati akitoa udenda, na babu yenu amesimama mbele yake anamsomea kuhusu dhambi ya ulevi. Watu walikuja kutazama. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Na alitumika. Sitaki mseme bibi alificha. Alifundisha maksai kuvuta mkokoteni, na mkokoteni ule ndio uliokuwa gari la wagonjwa la vijiji vyote vya huku kabla ya bodaboda. Mwanamke akishikwa na uchungu, wanakuja kumgongea yeye. Wapo watu wazima leo, wana ndevu, waliozaliwa kwenye mkokoteni wetu njiani kabla hospitali haijaonekana. Aliuosha mwenyewe, hakuruhusu mtoto aone. Mchanga wa kanisa ulipandishwa na maksai wake. Matofali ya zahanati, yeye. Kamati ya kisima, mwenyekiti yeye, na pampu ikiharibika yeye ndiye alalaye chini tumbo juu akikaza nati. Msibani alipeleka maziwa kabla hajapeleka pole. Mgeni hakutoka kwake bila chai ya maziwa, awe askofu, awe mchunga mbuzi. "Weka chai," aliniambia, ndiyo salamu yake kwangu. Sikumbuki mara aliyoniambia "kaa."

Tatizo ni kwamba alijua kutoa, hakujua kuuliza. Kila jambo la kanisa lilipotajwa, macho ya watu yaligeukia benchi lake. Paroko anahama, ng'ombe. Paroko mpya anakuja, ng'ombe. Bati zimepungua, ng'ombe. Baba Paroko wa kwanza tuliyekuwa naye, mzee mwema ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akimwambia, "Mzee, kanisa halisahau." Babu yenu aliyabeba maneno hayo kama mtu aliyepewa ufunguo.

Sasa niwaambie la mama yenu, kwa sababu yeye hawezi kuwaambia, atalia. Mama yenu, kitinda mimba wangu, alifaulu kwenda sekondari. Wakati ule kufaulu si jambo dogo, shule nzima walifaulu wachache. Tulihitaji sare, godoro, sanduku na ada. Tukakubaliana, mimi na babu yenu, tumekaa pale jikoni, kwamba tuuze maksai mmoja mnadani. Akakubali kwa kichwa. Jumapili iliyofuata kijana wa kigango chetu alitangazwa kuwa atapewa upadre, na sherehe itafanyika kwetu. Katekista akauliza nani atasaidia kitoweo. Babu yenu akasimama. Maksai yule yule.

Nilimwuliza njiani tunarudi. "Na mtoto?"

"Mungu atafungua njia nyingine."

"Njia aliifungua. Wewe umeichinja."

Akaanza kuimba wimbo wa kuingilia, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi. Siku ya sherehe mama yenu alikuwa na wasichana wenzake wakipakua pilau. Nilimwona akibeba sinia la nyama kuwapelekea wageni. Alikuwa anajua anabeba nini. Hakwenda sekondari. Ndiyo maana mkimwona anakaa na wewe mkubwa kwenye hesabu mpaka uelewe, usimwone msumbufu.

Baada ya hapo sikugombana tena, nilifanya langu. Mwaka ambao korosho zilikuwa na bei nzuri, fedha ya mikorosho ya mama yangu sikuipeleka kununua bati wala kitenge. Kulikuwa na wafugaji wa Kisukuma wamepita bondeni na ng'ombe wao. Nikamchukua kaka yangu tukaenda. Kaka yangu mnamjua, babu wa msikitini, aliyesilimu alipooa upande wa mjini. Nikachagua mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye kwapa.

Yule mfugaji akaniuliza, "Mama, wa kuchinja au wa kukaa?"

"Wa kukaa," nikamwambia. "Wa kuchinja ninao nyumbani, wanachinjwa kila sikukuu."

Akacheka, hakujua. Kaka yangu alijua, akatazama pembeni.

Mwekundu alikaa. Akazaa, akatoa maziwa mazuri kuliko wote. Ndama wake madume nikawauza mmoja mmoja, jike mmoja akafa kwa ndigana. Babu yenu alimchunga pamoja na wake na kumwita "huyu wa mama." Maziwa ya mwekundu mama yenu aliyauza kwa walimu na kwa nesi wa zahanati, watu wa mikoa mingine wasioweza kunywa chai ya rangi. Ninyi mmekua kwa maziwa yale. Na wewe mkubwa, matokeo yako ya darasa la saba yalipokuwa yakisubiriwa, mama yenu na mimi tulikuwa tumekwisha kukubaliana bila kusema sana: ukifaulu, maziwa ya mwekundu ndiyo yatakayokupeleka. Safari hii hakuna kumtegemea mtu wa kusimama kanisani.

Wakati huo zizi lilikuwa limebaki karibu tupu. Ng'ombe wake wamekwenda mmoja baada ya mwingine. Yeye mwenyewe kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto, akawa anatembea kwa fimbo ile ile aliyokuwa akiswagia. Kanisani alifika bado wa kwanza.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Wanawake tunakaa upande wetu, wanaume upande wao, mnajua. Baada ya komunyo katekista akatangaza kwamba Pasaka ijayo kigango kitafanya jubilei, wageni watatoka mpaka jimboni, na akauliza kama kawaida yake, macho kwa babu yenu, nani Bwana amemgusa. Nikamwona anajishika kwenye benchi, anajiinua. Nikasema moyoni, hana kitu huyu, labda atatoa kuku.

"Mimi na mama watoto," akasema, na ulimi wake ulikuwa mzito ila watu wote walimwelewa, "tunatoa ng'ombe mwekundu."

Vigelegele vikapigwa. Mama aliyekaa pembeni yangu akanishika mkono, "Hongera dada, mna moyo." Kwaya ikaanza. Nilikaa. Sikupiga kigelegele, sikulia, sikusimama. Huku kwetu neno lililosemwa mbele ya altare na kupigiwa vigelegele linahesabika limekwisha kutendeka. Ng'ombe bado yuko zizini anacheua, lakini watu wanamwona ni wali na nyama.

Nyumbani sikuweka chai. Nikamfuata alipokaa.

"Mwekundu ni wa nani?"

"Mama watoto, mali ya mke na mume ni moja."

"Ni moja siku ya kutoa tu? Siku ya kununua ilikuwa yangu na kaka yangu."

Akaweka fimbo yake chini. Halafu akaniambia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniambia, na ndilo ninalotaka mlijue.

"Nikifa, wapwa zangu watashuka kutoka Mnyambe. Watafungua zizi. Ndivyo tulivyozaliwa. Mimi mwenyewe nilikuwapo mjomba wangu alipokufa, nilibeba mlango wa nyumba yake kichwani mke wake akinitazama. Sitaki wakufanyie hivyo. Kwa hiyo nimekuwekea."

"Umeniwekea wapi?"

"Kanisani. Ng'ombe wote wale hawakupotea. Mpwa hawezi kuingia altareni na kamba. Ukibaki peke yako, nenda kwa Baba, kanisa halisahau. Na huyu mwekundu pia, nikimwacha zizini watasema ni wa mjomba, watamchukua. Bora akae salama."

Nilimtazama. Mzee mzima, ameota mvi kwenye nyusi. Alikuwa anaamini. Maisha yote watu walidhani anatoa, na mimi nilidhani anatoa, kumbe yeye alidhani anaficha. Alikuwa akificha ng'ombe ndani ya matumbo ya wageni.

"Ulimwambia Baba kwamba unaniwekea?"

"Baba yule wa kwanza alikuwa anaelewa."

"Ulimwambia kwa mdomo?"

"Mambo kama hayo hayasemwi, mama watoto."

Na wapwa zake je, aliwahi kukaa nao akawauliza wanataka nini? Hapana. Nao walikuwa mambo yasiyosemwa.

Alikufa mvua za kwanza zilipoanza. Mazishi yalikuwa makubwa, siwezi kusema kanisa lilimwacha siku hiyo. Walimzika pembeni ya kanisa alilolibebea mchanga. Baba Paroko wa sasa, kijana aliyetoka mkoa mwingine, alisoma maneno mazuri na kunikabidhi kile cheti chenye kioo. Wapwa wawili walishuka kutoka Mnyambe kwa bodaboda moja, wakalia kwa heshima, na nikawaona wakitupa macho zizini. Zizi lilikuwa na mwekundu peke yake.

Januari mliiona wenyewe, ndio mwezi ambao ghala linatoa mwangwi. Tulikula ming'oko, mizizi tuliyochimba porini. Wewe mkubwa ulikuwa umefaulu, na sare bado. Nikasema, haya, alisema aliniwekea, twende tukaone. Nikafunga kitambaa changu cha utume wa kina mama nikaenda parokiani.

Baba alinipokea vizuri, sina ubaya naye. Akanipa kiti. Nikamweleza kwa ufupi kwamba marehemu alitoa ng'ombe miaka yote akijua kwamba mimi nikibaki kanisa litanitazama, na sasa kuna mtoto wa kwenda shule.

"Mama, yale yalikuwa sadaka," akasema polepole, kama anavyosema na watoto wa komunyo ya kwanza. "Sadaka hairudi."

"Sikuja kuirudisha. Nauliza kama iko."

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki, akaacha. Akasema kuna mfuko wa wahitaji, ila unapitia jumuiya yetu ya sala. Nikaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwenzangu ambaye mtoto wake wa kwanza alisafiri kwenye mkokoteni wetu akiwa tumboni.

"Wewe tena?" akasema. "Mama, wewe ni mke wa mfadhili. Nikikuandika wewe kwa wahitaji watu watanicheka. Watasema kigango kimekwisha." Akanisindikiza mpaka njiani. Tulipofika kwenye mwembe wake akanigusa bega. "Halafu yule wa jubilei tutakuja kumchukua baada ya arobaini. Baba ameshauliza."

Hivyo ndivyo kanisa halikusahau.

Siku iliyofuata arobaini walikuja. Katekista, mwenyekiti wa jumuiya, na mzee mmoja wa kigango. Nikawapa mikeka nje. Hawajakaa vizuri, bodaboda ikaunguruma, wapwa wa Mnyambe wakashuka. Mkubwa wao alikuwa na kamba mpya ya katani begani. Nikamtuma mama yenu amwite kaka yangu.

"Shikamoo mama," wapwa wakasema.

"Marahaba. Kamba ya nini?"

"Tumekuja kutazama vitu vya mjomba."

Katekista akakohoa. "Vijana wangu, kama ni ng'ombe mnachelewa. Mjomba wenu alikwisha kumtoa kwa Mungu."

"Mungu ana wangapi mpaka sasa?" mpwa mkubwa akamwuliza. "Maana sisi wapwa hatujapata hata mkia. Mmekula zizi zima. Mnataka na mti wa kufungia?"

"Usitukane."

"Situkani, nahesabu mifupa."

Yule mdogo akacheka, mwenyekiti wa jumuiya akamkata jicho. Kaka yangu akaingia na kofia yake na fimbo, akasalimia pande zote. Katekista akamwambia kwa adabu, "Mzee wangu, wewe ni wa msikitini. Haya ni mambo ya kanisa."

"Sijaja kwa ya kanisa," kaka yangu akasema. "Nimekuja kwa ya zizi." Akakaa.

Nikasimama mlangoni pa zizi, mgongo kwenye miti. Ninyi wadogo mlikuwa mmejipanga ukutani kama kuku. Wewe mkubwa ulikuwa jikoni unapuliza moto, kwa sababu wageni wamekuja na nyumba hii imezoea. Nikasema bila kupaza sauti.

"Mwekundu hakuchumwa na mume wangu. Nilimnunua mimi bondeni, kwa korosho za mikorosho ya mama yangu. Kaka yangu alikuwapo. Marehemu alimchunga tu, kama alivyochunga wa misheni."

Mpwa mkubwa akamgeukia kaka yangu. "Mzee, ni kweli? Mikorosho ya upande wa mama yenu?"

"Ya mama yetu, aliyoipanda bibi yetu. Nilishuhudia ng'ombe akikabidhiwa."

Sasa tazameni. Yule mpwa, ambaye babu yenu alimkimbia maisha yake yote, ambaye kwa ajili yake mama yenu hakusoma, alishusha kamba begani akaiweka chini.

"Kama ametoka kwenye mikorosho ya mama," akasema, "sisi hatuna neno. Hata sisi kwetu ni hivyo hivyo. Nikimgusa huyu dada zangu watanicheka." Akasugua mikono. "Lakini mama, mjomba alitukosea. Hakuwahi kutuita. Angetuita tukae, angetuambia, wapwa zangu, mwacheni mke wangu na zizi lake, nani angekataa? Sisi tuna mikorosho yetu juu. Ng'ombe tutawanywesha nini, Mnyambe?"

Mdogo wake akasema, "Tungechukua hata mkokoteni tu, tumkumbuke."

"Mkokoteni chukueni," nikawaambia. "Gurudumu moja bovu."

Moyo wangu siku ile uliuma kuliko siku ya mazishi. Zizi lote lile, wajukuu zangu. Maksai wa mama yenu. Miaka yote ile ya vigelegele. Maneno machache juu ya mkeka yangetosha.

Nikamgeukia katekista nikidhani imekwisha. Mtu wa kamba ameweka kamba chini. Haikuisha.

"Sisi habari za mikorosho hatuzijui," katekista akasema. "Sisi tunajua neno. Neno lilisemwa altareni, na wewe ulikuwapo, hukukataa. Wageni wa jimbo wamekwisha kuambiwa. Mkimzuia, marehemu atalala na neno lake mdomoni."

"Aliyelisema yuko pembeni ya kanisa lenu, mlimzika wenyewe. Kamwulizeni alimpata wapi ng'ombe."

"Mama," mwenyekiti wa jumuiya akasema kwa sauti ya kubembeleza, "fikiria. Kanisani utakaaje?"

"Nitakaa nyuma."

"Jumuiya haitakuja kusali hapa kwako."

"Mtasali kwingine. Anasikia kote, mlinifundisha ninyi."

"Kwa ajili ya ng'ombe mmoja tu?"

"Kwa ajili ya yule," nikasema, nikakunyooshea kidole wewe mkubwa uliyekuwa umetoka na masizi puani. "Mama yake alibeba sinia. Huyu habebi."

Wakatazamana. Hawakuondoka. Wapwa walikwenda kufungua mkokoteni, lakini wale watatu walikaa, na nikajua wanangoja nini. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuondoka bila chai ya maziwa. Babu yenu aliwazoesha, na chai ikishanywewa jambo linakuwa halijakataliwa, limeahirishwa tu, wanarudi Jumapili, wanarudi tena, mpaka unachoka. Mwenyekiti akajinyoosha kwenye mkeka, akatabasamu.

"Basi mama, tunywe chai kwanza. Maneno yatalainika."

Harufu ya maziwa ya mwekundu yanayochemka ilikuwa inatoka jikoni. Mama yenu akanitazama. Wewe mkubwa ukanitazama na kijiko mkononi. Mlikuwa mnangoja neno la babu yenu, lile la "weka chai," litoke kwangu.

"Epueni sufuria," nikasema. "Maziwa yapelekeni kwa walimu kama kila siku, wakilipa nunueni kitambaa cha sare. Na mlango wa zizi ufungeni imara."